Mei nzima bila kukata majani

"Mwanangu, hapo ndipo mnapoishi?" Mama aliniuliza kwa simu ya video, Mei ya mwaka juzi. Nilikuwa nimesimama uani kwetu hapa Leicester, Uingereza, majani yanakaribia magoti. Nimelelewa Tanga, kwenye uwanja unaofagiwa alfajiri mpaka mchanga unabaki na mistari ya ufagio. Kwetu majani marefu karibu na nyumba ni maficho ya nyoka, au dalili kwamba nyumba haina mwenyewe. Nilimwelewa kabisa. Nikamwambia mjini huku nyoka ni nadra, nikageuza simu nimwonyeshe maua.

Plantlife, shirika la kuhifadhi mimea ya porini, limekuwa likihimiza watu Uingereza waache kukata majani mwezi mzima wa Mei tangu 2019. Mimi nilishawishika kwa kuona kwa macho yangu. Aprili, asubuhi ya baridi, nilimkuta nyuki mnene mwenye manyoya meusi na mkia mwekundu kama kaa la moto, kalala juu ya ua la njano la dandelioni, mmea unaojiotea wenyewe kwenye majani, hatikisiki. Nilichuchumaa nikamtazama kama dakika kumi, mpaka jua likampata, akaanza kutetemesha mabawa, kisha akahamia ua la pili. Baadaye nilisoma kwamba nyuki wa aina hiyo wanaoonekana mapema hivyo huwa ni malkia. Kundi lake lote la mwaka uliopita limekufa. Yeye peke yake kavuka baridi akiwa kajichimbia ardhini, na sasa anatakiwa aanzishe kundi jipya bila msaidizi. Akikosa maua majuma yale, hakuna kundi. Na dandelioni ndiyo watu huku wanaing'oa kama gugu!

Mwaka wa kwanza nilikosea. Niliacha uwanja wote bila kumwambia mtu. Jirani yangu, mzee mstaarabu sana, alikuja kuuliza kama tunahama. Juni nikashusha kisu cha mashine chini kabisa nikakata kwa mkupuo mmoja. Mashine ikakabwa na majani mara mbili, uwanja ukabaki wa njano kama umeunguzwa.

Mwaka jana nilikwenda kwa jirani kabla Aprili haijaisha, nikamweleza habari ya malkia. Kisha nikakata ukanda mmoja kuzunguka uwanja, upana wa mashine tu, na kijia cha kwenda kwenye kamba ya nguo. Naona hili ndilo lililosaidia kuliko yote, kwa sababu ukingo ulionyooka unamwonyesha mpita njia kuwa mwenye nyumba yupo na anajua anachofanya.

Kukata nako nilibadilisha. Nilingoja majani yakauke umande, nikapita kwanza na fimbo nikiyapekua, maana kalunguyeye na vyura hujificha humo. Nikaweka kisu juu kabisa, nikaanzia katikati kwenda nje ili kilichomo kipate pa kukimbilia. Juma lililofuata nikashusha kidogo. Majani yaliyokatwa niliyakusanya yote kwa reki, kwani yakiozea pale yanarutubisha udongo, nyasi zinanenepa na kuyasonga maua.

Klova nyeupe, mmea mfupi wa maua uotao kati ya majani, ilichanua tena kabla Juni haijaisha. Chini ya mtufaha sikukata mpaka Agosti, na jirani naye ameacha kipande chake nyuma ya banda bila kukata.