Nilisponsa, laiki zikajaa, mashuka yakabaki stoo

Kuna dada tunafanya nae biashara jengo moja, yeye anauza perfume, juzi kanitumia voice note ya dakika nne kisa ni swali moja tu, eti mwenzangu hivi kusponsa matangazo Insta, yani kulipia posti ifike kwa watu wengi, kunalipa kweli au ndo tunawatajirisha wazungu? Nikaanza kumjibu na mimi kwa voice, nilipofika dakika ya sita nikajiona mjinga, bora niandike na wengine msome.

Mimi nauza vitu viwili. Mashuka seti ya sita kwa sita nachukua Kariakoo, na viatu vya mtumba nachagua mwenyewe Karume alfajiri wakifungua balo. Nimesponsa vyote. Kimoja kilinitia aibu.

Nianze na aibu. Nilipata raba moja New Balance nyeupe namba 41, soli haijaliwa hata kidogo, nikaipiga picha vizuri nikaposti, laiki zikaanza kumiminika na Instagram nao hawana dogo wakaniletea kile kitufe cha bluu, posti yako inafanya vizuri, ifikishe kwa watu wengi zaidi. Nikaweka dola 5 kwa siku, siku nne. Sasa ile raba ikaondoka siku ileile kabla hata ya adhuhuri, na aliyechukua ni mteja wangu wa zamani kaiona status ya WhatsApp wala hilo tangazo hakuliona! Mimi nikasema liache tu litaniletea watu. Weee. Siku tatu nzima kazi yangu ikawa kuandika "samahani imeisha ilikuwa moja", mpaka kaka mmoja akanijibu kama huna mzigo unatangaza nini, umbea? Na alikuwa na haki. Piga hesabu: dola 20, juu yake VAT asilimia 18 maana huduma za mtandaoni za makampuni ya nje nazo zina VAT, kwa dola ya 2,500 hiyo ni 59,000. Raba yenyewe niliuza 45,000. Yani tangazo lilikuwa ghali kuliko kiatu.

Kwa hiyo wa mtumba mnisikie, kitu kilichopo kimoja hakisponswi.

Mashuka ndo habari nyingine, huko naweza kuuza seti hamsini zinazofanana. Ila napo nilianza vibaya, nikampa kijana mmoja "mtaalamu" anisponsie, baada ya wiki ananiletea screenshot kwa furaha, laiki elfu na mia moja dada! Nikauliza walioulizia mashuka wangapi, kimya. Kumbe alichagua lengo la kupata laiki na komenti, na ile mitambo ya Meta, wenye Instagram, ni kama mtoto mtiifu, ukiiambia nataka laiki inakutafutia watu ambao kazi yao ni kulaiki, wengine wavulana wa chuo mikoani huko hata kitanda cha sita kwa sita hawana. Laiki ngapi zinanunua shuka? Hakuna hata moja.

Mara ya tatu nikakaa mwenyewe. Lengo nikaweka meseji za WhatsApp, eneo Dar tu, wanawake kuanzia miaka 25, na nikaanza tarehe 24 mshahara ukikaribia, maana tarehe 12 mtu anakwambia "nitakutafuta mwisho wa mwezi" na hiyo meseji ushailipia. Na picha nikabadilisha. Procter & Gamble, wale wa Ariel na Pampers, mwaka 2017 walipunguza matangazo ya mtandaoni kwa zaidi ya dola milioni 200, na moja ya vitu walivyogundua ni kwamba mtu akiwa anashusha simu yake tangazo analiangalia wastani wa sekunde 1.7 hivi. Sekunde 1.7! Mimi nilikuwa naweka shuka limekunjwa ndani ya nailoni linang'aa taa ya duka. Nikatandika kitandani kwangu, dirisha wazi, bei nikaiandika kubwa juu ya picha. Mambo ya "bei DM" niliacha siku hiyo, waliouliza wakapungua ila waliouliza walikuwa wamekuja kununua.

Matokeo: dola 4 kwa siku, siku saba, na VAT ikafika kama 82,600. Waliotuma meseji 62, walionunua 9. Faida yangu kwa seti ni 14,000 kwa hiyo 126,000, toa tangazo nabaki na 43,400. Kwa wiki nzima ya kujibu meseji saa tano usiku, maana anayeuliza usiku ukimjibu asubuhi keshanunua kwingine. Na humo sijatoa ule usumbufu wa boda, kwa sababu mteja wa tangazo hakujui, kashatapeliwa huko nyuma, anataka alipe mzigo ukifika, sawa, boda anavuka hadi Kigamboni simu haipokelewi, anarudi na shuka na anataka elfu nane yake. Hiyo kule kwenye ripoti ya Meta huioni, kule wanakuonyesha tu umefikia watu wangapi kwa herufi kubwa.

Ningeishia hapo ningesema hailipi. Lakini katika wale tisa, wanne wamerudi wenyewe bila kulipiwa senti, na mmoja kumbe ana gesti Bagamoyo, akachukua seti sita kwa mpigo na bado ananitumia ndugu zake. Hapo ndo hesabu yangu ilipobadilika, siku hizi naangalia tangazo limeniletea mteja mpya kwa shilingi ngapi (hapa ilikuwa kama 9,200) na huyo mteja atarudi au ndo kwaheri.

Kitu kingine watu hawajui, bei ya tangazo haijapangwa, ni mnada. Ushawahi kwenda Feri alfajiri samaki wanapopigwa mnada? Basi ndo hivyohivyo, kila mtu akiinua mkono bei inapanda, ndo maana Desemba kila duka linatangaza Krismasi mimi nakaa pembeni. Tofauti tu ni kwamba Meta wanaangalia pia tangazo lenyewe, lile watu wanaloelekea kulibonyeza linaweza kumpita mwenye hela nyingi. Ah na wenye iPhone, Apple walianza kukata asilimia 30 ukisponsa kupitia app, Meta walitangaza Februari 2024 wakaanzia Marekani na wakasema masoko mengine yatafuata, ingia kwa brauza ya kawaida hiyo haikuhusu.

Sasa nikamrudia yule dada. Perfume zake ni zile za kupima, kichupa kidogo elfu tano. Nikamuuliza shoga, ukitoa mafuta, chupa na kifungashio, kichupa kimoja kinakubakizia ngapi? Akaandika "kama elfu 2 hivi". Nikamwambia mimi mteja mmoja alinigharimu elfu tisa na ushee, wewe wako atakulipa lini? Na wanarudi baada ya muda gani, unawaandika majina na namba popote?

Tangu jana saa nne usiku naona tiki mbili za bluu tu.