Swali la kutokea Mkunazini

Ndio kwanza nimerudi ibadani, na kichwa kimejaa.

Wa Unguja mnalijua kanisa kuu la Mkunazini: limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe sakafuni. Ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa wakachapwa.

Mtoto wa kaka yangu leo kalitumbulia macho duara lile mahubiri mazima.

Tulipotoka: "Shangazi, Mungu si ana nguvu? Kwa nini asitulazimishe tu tumpende?"

(Mtoto wa darasa la tano huyo!)

Nikamwambia, pale ulipokuwa umepakodolea macho watu walilazimishwa. Wakatii. Unadhani walimpenda mwenye bakora?

Akanyamaza mpaka Darajani.

"Basi Mungu anakubali kukataliwa?"

Jamani, swali hilo lilinishika hapa kifuani. Anakubali, ndiyo. Katupenda kwanza, kabla hatujamwitikia, na mie naamini hata nguvu ya kumwitikia ni neema yake. Ila yeye kamba hatufungi.

"Na anayekataa kila siku?"

Hapo nikamnunulia maji ya miwa.

Nyinyi mngemjibuje? Kesho ataniuliza tena, namjua.