Mguu wa Kushoto Uliobaki Nyuma

Siku nne baada ya kufunguliwa plasta niliketi kitandani, nikanyoosha miguu yote miwili, nikachukua futikamba ya fundi cherehani na kupima mapaja yangu sentimita 15 juu ya pia ya goti. La kulia lilikuwa na sentimita 54. La kushoto, upande wa muundi uliovunjika, 49 na nusu. Hata bila futikamba tofauti ilionekana, kwani ule mnofu wa upande wa ndani, juu kidogo ya goti, ambao kwa mwendesha baiskeli hutuna kama embe dogo, ulikuwa umekwisha na ngozi yake imelegea.

Niliamini kwamba dawa ni baiskeli yenyewe. Mara tu daktari aliponiruhusu, nilirudi kwenye barabara ya Namanga, nikawa napandisha kutoka mjini Arusha hadi Ngaramtoni mara tatu kwa wiki. Baada ya miezi mitatu pumzi ilikuwa imerudi na mwendo pia, lakini paja la kushoto lilikuwa limeongezeka sentimita moja tu. Nilisikitika sana, mpaka nilipoelewa kwamba baiskeli yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiuficha udhaifu wangu. Pedeli mbili zimefungwa kwenye mhimili mmoja, hivyo moja inaposhuka nyingine hupanda, na mguu mzima unaweza kusukuma sehemu yake na papo hapo kuunyanyua mwenzake, ambao huzunguka tu kama abiria. Kwenye mlima, nikiwa na gia nzito, niliusikia mnyororo ukikaza mara moja kwa kila mzunguko badala ya mara mbili, na jioni kiuno kiliniuma upande wa kulia.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinifunza jaribio ambalo ningemshauri kila aliyewahi kuvunjika alifanye. Baiskeli ikiwa imesimamishwa kwenye stendi ya mazoezi, niliuweka mguu wa kulia juu ya kigoda na kukanyaga kwa wa kushoto peke yake. Haikupita nusu dakika kabla pedeli haijaanza kukwama kila ilipofika juu.

Kuanzia hapo mazoezi yangu yakawa ya mguu mmoja mmoja: kupanda kigoda na kushuka polepole, na kuchuchumaa kwa mguu mmoja huku nimeshika ukuta. Kanuni ni kwamba mguu dhaifu huanza, na wenye nguvu hufanya idadi ileile tu ambayo mwenzake ameiweza, hata kama unatamani kuendelea.

Mwendesha baiskeli Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda mbio za Tour de France mara nne, alivunjika mfupa wa paja la kulia alipoanguka huko Ufaransa mwezi Juni 2019. Alirudi mashindanoni Februari 2020, lakini alieleza kwamba kwa muda mrefu mguu huo ulibaki dhaifu kuliko wa kushoto. Ikiwa yeye, pamoja na wataalamu wote waliomzunguka, alihitaji muda mrefu hivyo, mimi sina sababu ya kuona aibu.

Wenye vipima nguvu, yaani vifaa vya baiskeli vinavyopima kwa wati nguvu ya kukanyaga, wawe waangalifu, maana baadhi ya vifaa hivyo hupima mguu wa kushoto tu na kuzidisha kwa mbili. Anayetoa wati 120 kwa kulia na 80 kwa kushoto atasoma 160, ilhali nguvu yake halisi ni 200. Tofauti ndogo kati ya miguu, ya asilimia chache, ni ya kawaida hata kwa mtu mzima wa afya, na sioni haja ya kuihangaikia.

Jumapili iliyopita nilipima tena: 54 kulia, 52 na robo kushoto. Ninaposhuka kigoda, goti la kushoto halilali tena kwa ndani.