Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni: kilichonisaidia

Nabeba magunia ya dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza, kwa hiyo kiuno kuuma si habari. Safari hii moto ulishuka kutoka takoni, ubavuni mwa mguu, mpaka kidole gumba. Diklofenaki, kuchuliwa, mkanda: wapi! Fiziotherapia ilipunguza kidogo.

Kilichofungua njia ni hicho kidole. Daktari alinipa kalamu nichore mguuni maumivu yanapopita; yakifika gumba, neva ya L5, inayotoka chini kiunoni, ndiyo hushukiwa kwanza. Kipimo cha picha cha MRI kikaonyesha diski, ule mto laini kati ya pingili za mgongo, imeibana hapohapo. Akanichoma sindano ya steroidi na ganzi kando ya neva, akiongozwa na eksirei, bila kupasua. Jioni nilikuwa nyumbani. Nafuu ilikuja baada ya siku kadhaa, msikate tamaa mapema. Sindano hutuliza uvimbe tu, mazoezi naendelea nayo.