Mzee wa Jiwe na Utamu Alioukosa

Wakati huo nilikuwa nimezama kwenye Stardew Valley, ile gemu ya kilimo aliyoitengeneza Eric Barone peke yake, ikatoka kwenye kompyuta mwaka 2016 na kufika kwenye simu za Android mwaka 2019. Wengi huiona ni ya kumwagilia na kuvua samaki tu. Mimi iliyonisumbua ni sanamu.

Iko kwenye msitu wa siri, upande wa magharibi. Njia imezibwa na gogo kubwa lisilokatika mpaka uwe na shoka la chuma cha pua. Nilipopenya nikamkuta mzee wa jiwe, Old Master Cannoli. Ukimgusa anakwambia bado anautafuta utamu uliopita wote. Basi. Hakuna kazi inayoingia kwenye orodha, hakuna mshale wa kukuelekeza.

Nikaanza na vilivyo wazi: asali, jemu, keki ya chokoleti, tikiti. Mzee kimya. Rafiki yangu, ambaye naye anaicheza, akasema lile ni pambo tu, niachane nalo nikaangalie kuku wangu. Sikukubali. Mtu aliyechora kila jani la gemu hii kwa mkono wake hawezi kulipatia jiwe maneno bure. Majibu ya mtandaoni nayo niliyakataa katakata.

Jioni moja nikajiuliza: mzee wa umri ule, asali kweli hajaionja? Kama mpaka leo anatafuta, basi kitu chenyewe hakipikwi jikoni kwa mtu wala hakijai madukani. Hapo nikaukumbuka mkokoteni wa yule mchuuzi anayekuja Ijumaa na Jumapili. Kila nikipita alikuwa na mbegu iitwayo Rare Seed, dhahabu 1,000 kwa moja, wakati mbegu za kawaida ni makumi tu. Nilikuwa nikiipita kwa dharau. Safari hii nikasoma maelezo: hupandwa msimu wa majani kupukutika, na huchukua msimu mzima kukua.

Nikainunua kiangazi, nikaifungia sandukuni. Siku ya kwanza ya msimu wake nikaipanda karibu na kinyago cha kutishia kunguru. Hesabu ilikuwa ya kubana: mmea unataka siku 24, msimu una 28, na majira ya baridi yakiingia mazao ya nje yanakufa. Kila asubuhi, kabla sijamgusa hata kuku, nilianza na shina lile moja. Mengine yote shambani yangeweza kusubiri.

Lilipozaa nikalibonyeza tunda kusoma maelezo yake. Yalisema hakuna kitu nilichowahi kunusa kilicho kitamu kama hicho. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Sokoni lina thamani ya dhahabu 3,000, na wakati ule nilikuwa sina kitu, lakini miguu ilikwenda moja kwa moja msituni.

Mzee akalipokea, akanipa Stardrop, tunda la ajabu lenye umbo la nyota. Ukilila, kiwango chako cha juu kabisa cha nguvu kinapanda kwa pointi 34 na hakishuki tena. Gemu ikaongeza kwamba ladha yake inanikumbusha kile nilichojaza siku naanza kucheza, pale wanapokuuliza unapenda nini zaidi. Nilikuwa nimeandika "kulala".

Rafiki yangu alipoiona ile nyota kwenye simu yangu akaanza kubembeleza nimwambie jibu. Nikamwambia anipe mji kwanza.