Mifuko mitatu iliyoganda

Kila msimu wa korosho unapofunguliwa, mwezi Oktoba, hakuna anayeupa mzani mgongo katika ghala la AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kijijini kwetu, upande wa Newala, mkoani Mtwara. Shangazi yangu hushusha gunia lake, humsalimia karani, humuulizia watoto wake, kisha husogea karibu na kungoja hadi namba itulie kabisa ndipo akubali kuandikiwa stakabadhi. Hamtuhumu karani kwa lolote, na karani mwenyewe hanuni. Huikumbuka tabia hiyo kila ninaposikia ikisemwa kwamba watu wa Kusini wamepoteza imani kwa viongozi wao na kwamba wanahitaji kuelimishwa, kana kwamba tatizo ni uelewa wao mdogo.

Gesi ya Mnazi Bay, mkoani kwetu Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982, na ilipotangazwa miaka mingi baadaye kwamba itapelekwa Dar es Salaam kwa bomba, Mtwara ilichafuka, kwanza Januari 2013 na tena Mei mwaka huohuo, siku ambayo bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilikuwa ikisomwa bungeni. Watu walipoteza maisha, nyumba zikachomwa, na wanajeshi wakaingia mitaani. Wengi walio mbali walituona wachoyo tusiotaka kugawana mali ya taifa. Uchomaji siutetei hata kidogo. Lakini watu walikuwa wameelewa kwamba gesi ingewaletea viwanda hapahapa, na mipango ilipobadilika walisikia habari hizo redioni, si kutoka kwa wale waliokuja kuwaomba kura.

Miaka mitano baadaye ikawa zamu ya korosho. Baada ya msimu uliotangulia, ambapo kilo ilivuka shilingi 4,000, wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei za minada ya Oktoba 2018, na mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, huku jeshi likipewa kazi ya kuzisomba. Bei hiyo ilipokewa kwa shangwe, nami nilishangilia. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba, na malipo ya wengi yakaingia mwaka 2019 yakisuasua. Shangazi alifunga safari sita kwenda mjini kuuliza fedha zake, na katika ofisi moja aliambiwa tu, «Mama, subiri.» Kungoja angekuvumilia, kwa kuwa mkulima wa korosho amezoea kungoja; kilichomuudhi ni kwamba hakuna aliyemweleza anangoja nini, wala hadi lini.

Nchi yetu haina upungufu wa sheria katika jambo hili la viongozi kuwa wazi kwa wananchi. Tangu mwaka 1995 ipo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, na kila mwisho wa mwaka viongozi hutakiwa kutoa tamko la mali na madeni yao. Ni utaratibu mzuri, ingawa sijawahi kukutana na mtu kijijini aliyewahi kuliona tamko hata moja. Chombo kilicho karibu nasi ni mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu na ambamo mapato na matumizi husomwa, na kwa maoni yangu kiongozi atakayeuchukulia kwa uzito atapata heshima ambayo hakuna msafara wa magari utakaomletea. Mtihani mwingine uko Likong'o, kule Lindi, ambako wananchi walipisha eneo la mradi mkubwa wa kuchakata gesi. Nao wanastahili mtu wa kwenda kuwaambia ulipofikia, hata kama hana habari njema ya kubeba.

Najua linawezekana kwa sababu nimeliona. Mwenyekiti wetu mmoja wa zamani alisimama chini ya mkorosho akiwa na daftari la shule mkononi, akasoma kwamba kijiji kilinunua mifuko 40 ya saruji kwa ajili ya darasa, 37 imetumika, na mitatu imeganda kwa mvua kwa sababu yeye mwenyewe alichelewa kutafuta turubai. Watu waliguna, na wapo waliomsema vibaya waziwazi. Shangazi akanyoosha mkono akauliza hiyo mifuko mitatu iko wapi. Mwenyekiti hakujibu kwa maneno. Alitutangulia hadi nyuma ya darasa, na pale tulikuta watoto wameikalia, wakila maembe.