Kumbukumbu ya mradi: rekodi za mtindi zinahama kutoka daftari kwenda kompyuta

Kilichokula muda mwingi kwenye mradi huu si vihisi wala programu. Ni swali moja: mkaguzi akishika chupa ya mtindi na kuisoma namba ya toleo, je, ataona maziwa yale yalipita wapi, na ataamini kwamba hakuna aliyezigusa takwimu baadaye? Kila nilichotengeneza tangu masika yaanze nimekitengeneza kwa kuanzia hapo.

Kwa anayeanza kusoma leo: mama mdogo ana kiwanda kidogo cha mtindi Tabata. Maziwa hupokelewa alfajiri, hupimwa kwa laktomita (kuona kama yameongezwa maji) na kipimo cha alkoholi (kuona kama yameanza kuchacha), hupashwa hadi nyuzi 63 na kubaki kwenye joto hilo dakika 30, kisha hupozwa, hugandishwa na kujazwa kwenye chupa. Sufuria moja ni toleo moja. Zile dakika 30 ndizo roho ya kiwanda, na zisipoandikwa hatuna cha kumwonyesha mkaguzi kwamba vimelea vilikufa.

Kihisi cha joto ni aina ya DS18B20 chenye ala ya chuma, kwa kuwa kinapatikana Kariakoo na bei yake inabebeka. Mtengenezaji anasema kinaweza kukosea hadi nusu nyuzi juu au chini. Kwa hiyo programu hailipitishi toleo mpaka kihisi kisome 63.5 au zaidi kwa dakika zote 30. Nusu nyuzi ya gesi tunaigharamia kwa moyo mmoja.

Jumatatu ni siku ya kukihakiki. Tunaponda barafu, tunaijaza kwenye chupa ya chai, tunamimina maji kidogo mpaka mapengo yajae, kisha tunachovya kihisi katikati bila kugusa ukuta na kusubiri namba itulie karibu na 0. Wiki hii ilitulia kwenye 0.2. Mama mdogo akauliza, “Hata hiyo pointi mbili uiandike?” Nikamwambia, “Ndiyo mama, iandikwe ilivyo.” Hakiki ya pili ni maji yanayochemka. Dar iko usawa wa bahari, kwa hiyo tunatarajia namba iliyo karibu sana na 100. Mwenzangu wa Mbeya asiinakili hiyo, maana kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi.

Sasa hifadhi yenyewe. Kwenye daftari, aliyekosea hukata kwa mstari mmoja ili namba ya zamani isomeke, kisha hutia saini. Kwenye jedwali la kompyuta watu hufuta tu na kuandika upya, na ushahidi unapotea hapo hapo. Mfumo wangu haufuti kitu. Rekebisho huingia kama mstari mpya wenye namba ya zamani, namba mpya, sababu, jina na saa. Kila mstari hubeba alama ya SHA-256, aina ya alama ya kidole ya data yenye tarakimu na herufi 64, inayokokotolewa kutoka kwenye mstari huo pamoja na alama ya mstari uliotangulia. Ukibadilisha tarakimu moja ya Machi, mistari yote inayofuata inakataa kulingana. Mwenye kompyuta anaweza kukokotoa upya mnyororo mzima, ndiyo maana alama ya mwisho ya kila wiki huchapishwa, mama mdogo huisaini, na nakala hukaa kwa mhasibu.

Suala la saa lilihitaji uamuzi. Vijana huandika saa 12:10 asubuhi, mashine inaandika 06:10, na mtu wa nje anaweza kudhani ni matukio mawili. Skrini ya kiwandani inaonyesha saa yetu, lakini hifadhini inaingia 06:10+03:00 (yaani saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC) pamoja na tarehe kamili.

Rekodi zitunzwe muda gani? Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inataka kumbukumbu zikae kupita muda wa matumizi wa bidhaa, na kwa mtindi huo ni muda mfupi tu. Kanuni za Marekani za viwanda vya chakula zinataka angalau miaka 2, na rekodi zilizo nje ya kiwanda ziwe zimeletwa ndani ya saa 24 zikiombwa. Nimechagua kipimo hicho kikali, ingawa anayetukagua ni TBS (Shirika la Viwango Tanzania), iliyopokea usalama wa chakula kutoka TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) mwaka 2019. Anayezoea kipimo kikubwa hababaiki na kidogo.

Data ziko kwenye CSV (jedwali la maandishi matupu), ripoti za mwezi kwenye PDF/A (PDF ya kuhifadhi muda mrefu). Programu yangu ikifa, faili hizo bado zitafunguka. Nakala ni tatu: kompyuta ya kiwandani, hifadhi ya mtandaoni, na diski kwa mjomba Kimara, mbali na bonde la Msimbazi, kwa sababu mafuriko hayachagui karatasi wala diski.

Jana tulijaribu. Intaneti ikazimwa, binamu yangu akachagua chupa yoyote kwenye friji, nami nikawa na diski ya Kimara peke yake. Grafu ya joto ilipatikana, aliyeleta maziwa akapatikana, na hakiki ya kihisi ya wiki ile pia. Rekodi za kuosha sufuria na mabomba hazimo, bado ziko kwenye karatasi ukutani. Hizo ndizo zinazofuata, na nitaanza na fomu ya kwenye simu ambayo mwoshaji anaweza kuijaza akiwa bado na glavu mkononi.